Asilimia ya nini? Namna ya kusoma sehemu na asilimia katika histogramu

MKULIMA wa kahawa wa Runyenjes au Nkubu anapoonyeshwa mchoro wa nguzo ndefu na fupi kwenye mkutano wa mwaka wa chama chake cha ushirika, jicho lake hukimbilia nguzo iliyo ndefu kuliko zote. Husikia mwenyekiti akitaja asilimia mbili tatu, huitikia kwa kichwa, kisha hurudi nyumbani akiwa hana hakika kama alichoelezwa ni habari njema au mbaya.

Si mkulima peke yake aliye katika hali hiyo. Mzazi anayesoma matokeo ya mitihani, diwani anayejadili bajeti ya kaunti na msomaji wa gazeti anayepitia ripoti ya sensa wote hukutana na michoro ya aina hii. Katika kaunti za Meru na Embu, sawa na kaunti nyingine 45 za Kenya, tarakimu zinazochorwa humo ndizo hutumiwa kugawa fedha, kupanga shule na zahanati, na kuamua mbegu ipi ipandwe. Asiyeweza kuzisoma hulazimika kumwamini anayezisoma.

Hesabu inayohitajika si ngumu. Ni ile ya sehemu na asilimia iliyofundishwa katika shule ya msingi, pamoja na swali moja ambalo halipaswi kusahaulika: asilimia ya nini?

SEHEMU NA ASILIMIA

Kiswahili kimekuwa na majina ya sehemu tangu zamani: nusu, theluthi, robo, sudusi ambayo ni moja ya sita, thumni ambayo ni moja ya nane, na ushuri ambao ni moja ya kumi. Sokoni anayenunua maharagwe nusu gorogoro au sukari robo kilo anafanya hesabu ya sehemu bila kushika kalamu.

Sehemu huandikwa kwa namba mbili. Ya juu, inayoitwa kiasi, huonyesha vipande vilivyochukuliwa. Ya chini, inayoitwa asili, huonyesha vipande vyote ambavyo kitu kizima kimegawanywa. Katika 3/4, vipande ni vinne na vilivyochukuliwa ni vitatu.

Asilimia ni sehemu ambayo asili yake imefanywa kuwa 100. Ili kupata asilimia, kiasi hugawanywa kwa asili, kisha jibu huzidishwa kwa 100. Hivyo 1/2 ni asilimia 50, 1/4 ni asilimia 25, 1/5 ni asilimia 20, na 1/3 ni asilimia 33.3. Faida yake ni kwamba vitu vya ukubwa tofauti huweza kulinganishwa. Hasara yake ni kwamba ile namba ya chini huondoka machoni, na msomaji asipokumbuka kuiuliza, hupotea.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatoa mfano mzuri. Kifungu cha 203 kinasema serikali za kaunti zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato yaliyokusanywa na serikali ya kitaifa. Wengi hudhani ni asilimia 15 ya mapato ya mwaka huohuo. Sivyo. Kipimo ni mapato yaliyomo katika hesabu za hivi karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa, ambazo zinaweza kuwa za miaka kadhaa nyuma. Namba ya juu ikiwa ileile, kubadilisha ya chini kunabadilisha kila kitu.

Ndivyo ilivyo pia kwa theluthi mbili zinazohitajika katika bunge la kaunti ili kupitisha hoja ya kumwondoa gavana. Hesabu hufanywa kwa kuangalia madiwani wote wa bunge hilo, si wale tu waliohudhuria. Bunge la Kaunti ya Meru lilikuwa na madiwani 69 mnamo Agosti 2024, na theluthi mbili yao ni 46. Madiwani 49 walipounga mkono hoja dhidi ya Gavana Kawira Mwangaza, hiyo ilikuwa 49/69, yaani takriban asilimia 71. Hoja ilivuka kizingiti kwa kura tatu tu.

HISTOGRAMU NI NINI?

Michoro ya nguzo ilienea baada ya William Playfair, msomi kutoka Scotland, kuitumia katika kitabu chake cha mwaka 1786. Jina histogramu lilikuja baadaye, katika miaka ya 1890, kutoka kwa mwanatakwimu Mwingereza Karl Pearson.

Hata hivyo, si kila mchoro wa nguzo ni histogramu. Mchoro unaoonyesha kahawa, chai, miraa na macadamia, kila zao na nguzo yake, ni mchoro wa kawaida wa nguzo. Nguzo zake huachana, na mtu anaweza kuzipanga apendavyo bila kuharibu maana. Histogramu huonyesha kitu kinachopimwa kwa mfululizo, kama vile kilo, umri, alama au milimita za mvua. Mstari wa chini hugawanywa katika makundi yanayofuatana, na nguzo hugusana kwa sababu kundi moja linapoishia ndipo jingine huanzia.

Mambo matatu ni ya kutazamwa kabla ya jingine lolote. Kwanza, mstari wa chini unapima nini na kila kundi lina upana gani. Pili, mstari wa wima unahesabu nini: watu, kilo, au asilimia. Tatu, jumla ya nguzo zote ni ngapi. Jumla hiyo ndiyo asili ya kila sehemu itakayotajwa.

MFANO WA KAHAWA

Tuchukue mfano wa kubuni, kwa ajili ya mafunzo tu. Chama kina wakulima 80, na histogramu inaonyesha kilo za kahawa mbivu ambazo kila mmoja alipeleka kiwandani katika msimu mmoja. Makundi ni haya:

Kilo 0 hadi 100: wakulima 8
Kilo 100 hadi 200: wakulima 20
Kilo 200 hadi 300: wakulima 24
Kilo 300 hadi 400: wakulima 16
Kilo 400 hadi 800: wakulima 12

Kanuni ya kawaida ni kwamba aliyefikisha kilo 200 kamili huhesabiwa katika kundi linaloanzia 200, ili mtu mmoja asihesabiwe mara mbili.

Swali la kwanza: ni sehemu gani ya wakulima iliyopeleka kati ya kilo 200 na 300? Ni 24/80. Zote mbili zikigawanywa kwa 8, tunapata 3/10, yaani asilimia 30. Kundi la pili ni 20/80, ambayo ni robo au asilimia 25. La kwanza ni ushuri, asilimia 10. La nne ni 1/5, asilimia 20. La mwisho ni 12/80 au 3/20, asilimia 15. Zikijumlishwa zinafika 100, na huo ndio ukaguzi wa kwanza wa hesabu yoyote ya aina hii.

Swali la pili: ni asilimia ngapi ya wakulima ambao hawakufikisha kilo 300? Hapa nguzo tatu za kwanza hujumlishwa: 8, 20 na 24 ni 52. Sehemu ni 52/80, au 13/20, sawa na asilimia 65.

Swali la tatu lina mtego: ni wangapi waliopeleka kilo 250 au zaidi? Namba 250 iko katikati ya kundi la tatu, na histogramu haielezi watu walivyokaa ndani ya kundi. Kinachowezekana ni kukisia kwa kuchukulia kwamba wamesambaa sawasawa. Nusu ya 24 ni 12. Tukiongeza 16 na 12 tunapata 40, ambayo ni nusu ya wote. Jibu hilo ni makadirio, na mwandishi mwaminifu husema hivyo.

Sasa tuje kwenye jambo linaloleta ugomvi mikutanoni. Tukichukua kilo za katikati ya kila kundi, yaani 50, 150, 250, 350 na 600, na kuzizidisha kwa idadi ya wakulima wa kundi husika, tunakadiria kahawa yote kuwa kilo 22,200. Kundi la mwisho peke yake, watu 12, lilileta takriban kilo 7,200. Hiyo ni asilimia 32 ya kahawa yote, karibu theluthi, ilhali wao ni asilimia 15 tu ya wanachama. Wale asilimia 65 wa chini walileta kilo 9,400, ambazo ni kama asilimia 42.

Mchoro ni uleule, lakini mtu mmoja anaweza kusema “wengi wetu ni wakulima wadogo” na mwingine akasema “kahawa nyingi inatoka kwa walio juu ya kilo 300”, na wote wakawa wakweli. Wa kwanza anagawanya kwa watu, wa pili kwa kilo. Tofauti hii si ya darasani. Katika ushirika kila mwanachama ana kura moja, lakini malipo hufuata kilo. Makato ya kiwango kimoja kwa kila mtu humwumiza mkulima mdogo. Makato kwa kila kilo humgusa zaidi mkulima mkubwa. Anayejua asilimia imetoka wapi ndiye anayejua anapigia kura kitu gani.

UPANA WA NGUZO

Katika mfano huo kundi la mwisho lina upana wa kilo 400, ilhali mengine yana kilo 100. Likichorwa na urefu wa 12, jicho litaona mraba mkubwa na kudhani wakulima wakubwa ndio wengi. Kanuni ni kwamba katika histogramu kinachohesabiwa ni eneo la nguzo, si urefu peke yake. Kwa hiyo wakulima 12 hugawanywa kwa upana mara nne, na urefu sahihi unakuwa 3 kwa kila kilo 100. Nguzo inakuwa pana lakini fupi, na eneo lake linabaki la watu 12.

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 inaonyesha umuhimu wa kanuni hii kwa tarakimu halisi. Kati ya watu 47,564,296 waliohesabiwa, walio chini ya miaka 15 walikuwa 18,541,982, wenye miaka 15 hadi 64 walikuwa 27,150,165, na wenye miaka 65 na zaidi walikuwa 1,870,493. Kwa asilimia ni takriban 39, 57 na 4.

Nguzo hizo zikichorwa kwa idadi tu, ile ya katikati itawafunika watoto. Lakini kundi la watoto lina upana wa miaka 15, na la katikati lina miaka 50. Tukigawanya, tunapata takriban watoto 1,236,000 kwa kila mwaka mmoja wa umri, na watu 543,000 kwa kila mwaka katika kundi la katikati. Nguzo ya watoto inapaswa kuwa ndefu zaidi ya mara mbili. Kwa anayepanga madarasa na chanjo, huo ndio ukweli wa kujenga juu yake. Kundi la mwisho halina mpaka wa juu, na mchoraji hulazimika kujiwekea mpaka. Msomaji aangalie umewekwa wapi.

Wazo hili si geni kwa anayejua msongamano wa watu. Sensa hiyohiyo ilihesabu watu 1,545,714 katika Kaunti ya Meru na 608,599 katika Kaunti ya Embu. Meru ina watu zaidi ya mara mbili na nusu ya Embu. Lakini Meru ina kilomita za mraba 7,006 hivi na Embu 2,821, kwa hiyo msongamano ni watu 221 kwa kilomita moja ya mraba Meru na 216 Embu. Karibu ni sawa. Urefu wa nguzo katika histogramu hupimwa vivyo hivyo: idadi hugawanywa kwa nafasi iliyochukua.

NANI ALIONGEZEKA ZAIDI?

Mwaka 2009 Meru ilikuwa na watu 1,356,301 na Embu 516,212. Katika miaka 10, Meru iliongeza watu 189,413 na Embu 92,387. Kwa idadi, Meru iliongeza zaidi ya mara mbili ya Embu. Kwa asilimia hali inageuka: Meru ilikua kwa asilimia 14 na Embu kwa asilimia 17.9, kwa sababu kila ongezeko hugawanywa kwa idadi ya mwanzo ya kaunti husika.

Kosa la kawaida ni kugawanya kwa idadi ya mwisho. Ongezeko la Embu likigawanywa kwa 608,599 hutoa asilimia 15.2, na hilo si jibu la swali lililoulizwa. Kosa jingine ni kujumlisha asilimia za kaunti mbili na kugawanya kwa mbili. Wastani huo ungekuwa karibu asilimia 16. Njia sahihi ni kujumlisha watu kwanza: ongezeko la pamoja ni 281,800 juu ya 1,872,513, sawa na asilimia 15.0. Meru ni kubwa, kwa hiyo huvuta jibu kuelekea upande wake.

Kwa Kenya nzima, Meru ilikuwa asilimia 3.2 ya watu wote mwaka 2019, yaani mtu mmoja katika kila 31. Embu ilikuwa asilimia 1.3, mtu mmoja katika kila 78. Kwa kuwa idadi ya watu ni mojawapo ya vigezo vya kugawa fedha za kaunti, sehemu hizo ndogo zina uzito wa mamilioni ya shilingi.

ASILIMIA NA POINTI ZA ASILIMIA

Watahiniwa wa KCSE waliopata alama ya C+ na zaidi walikuwa asilimia 19.62 mwaka 2022 na asilimia 22.27 mwaka 2023. Je, ongezeko ni asilimia 2.65? Hapana. Hizo ni pointi 2.65 za asilimia, yaani tofauti kati ya asilimia mbili. Ongezeko lenyewe ni 2.65 gawanya kwa 19.62, ambalo ni asilimia 13.5. Anayetaka mafanikio yaonekane makubwa hutaja 13.5, anayetaka yaonekane madogo hutaja 2.65. Msomaji adai asilimia zote mbili za awali, kisha ajihukumie.

THELUTHI ZA MVUA

Pengine hakuna mahali ambapo sehemu na histogramu zinamgusa mkulima wa Mbeere au wa maeneo makavu ya Meru kama katika utabiri wa mvua. Eneo hili hupata misimu miwili: mvua ya masika ya Machi hadi Mei, na mvua ya vuli ya Oktoba hadi Desemba.

Watabiri wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa na wa kituo cha ICPAC cha mataifa ya IGAD hutazama mvua ya msimu uleule katika miaka mingi, kwa kawaida 30. Miaka hiyo hupangwa kuanzia yenye mvua haba hadi yenye mvua nyingi, kisha hukatwa mara tatu: theluthi ya chini ya kawaida, theluthi ya kawaida na theluthi ya juu ya kawaida. Miaka 10 kwa kila kundi.

Kwa hiyo, kabla ya mtabiri kusema lolote, kila kundi lina asilimia 33.3. Utabiri ukisema kuna uwezekano wa asilimia 45 wa mvua ya chini ya kawaida, maana yake si kwamba mvua itapungua kwa asilimia 45, wala kwamba asilimia 45 ya eneo litakosa mvua. Maana yake ni kwamba uwezekano wa msimu mkavu umepanda kutoka theluthi hadi karibu nusu. Asilimia 55 zilizobaki bado ni za mvua ya kawaida au zaidi. Mkulima mwenye busara hatalala bila kupanda. Pengine ataongeza mtama, ndengu na kunde zinazostahimili ukame, na kupunguza eneo la mahindi.

MASWALI YA KUULIZA

Kila inapotokea histogramu au asilimia, iwe kwenye mkutano wa ushirika, baraza la chifu au ukurasa wa gazeti, maswali haya matano yatoshe:

1. Ni asilimia ya nini? Namba iliyogawanyiwa ni ipi, na ni ya mwaka gani?
2. Jumla ya nguzo zote ni ngapi, na asilimia zote zinafika 100?
3. Makundi yana upana sawa? Kama sivyo, urefu wa nguzo umerekebishwa?
4. Mstari wa wima unaanzia sifuri, au umekatwa ili tofauti ndogo ionekane kubwa?
5. Kinachotajwa ni asilimia, pointi za asilimia, au idadi tupu?

Anayeyajibu kwa haraka na bila kununa huenda hana la kuficha. Akianza kuzunguka, wanachama wana haki ya kuomba karatasi yenye tarakimu zenyewe na kujigawanyia wenyewe.